Injini Ndogo ya Katapila la Mzee Harrison

Mume wangu, Elihuruma Mshana, hana mazungumzo na watu wa digrii. Si kwamba anawaogopa, wanamchosha. Tukialikwa sherehe ya ubarikio wa mtoto wa mtu kanisani, Watanzania wenzetu wakaanza kuulizana nani yuko kampuni gani na anasimamia watu wangapi, yeye huulizwa wa mwisho. "Na wewe, kaka, uko field gani?" Naye hujibu bila hata kutabasamu, "Mimi niko kwenye bolti." Watu hucheka wakidhani ni utani. Mimi, Leah, niliyeishi naye miaka ishirini na mbili, najua kwamba hilo ndilo jibu lote.

Alizaliwa Usangi, juu milimani Upareni, katika ukoo wa wahunzi. Akina Mshana walifua chuma kabla Mjerumani hajakanyaga nchi ile. Shule aliishia darasa la saba. Akateremka tambarare kwenye shamba la mkonge, akaanza kwa kufagia karakana, na baada ya miaka sita akawa ndiye fundi wa makatapila mawili ya zamani, yale yanayotembelea minyororo badala ya magurudumu. Huko ndiko tulikokutana. Nilikuwa nesi kijana wa zahanati ya shamba. Akaletwa kwangu kidole kimepasuka, na badala ya kulia akaniuliza kwa nini bawaba za mlango wangu zinapiga kelele. Kesho yake akaja kuzitia grisi, mkono mmoja ukiwa na bandeji. Basi, posa yenyewe ilikuwa hiyo.

Mwaka 1995 nilipata nafasi kupitia kanisa kuja kujiendeleza katika uuguzi Minnesota, naye akanifuata. Hapa ameosha vyombo, amepiga deki hospitalini, amebeba mizigo uwanja wa ndege, na sasa ni fundi wa nyumba za kupanga huku Woodbury: mabomba, hita, vitasa. Sijawahi kumsikia akilalamika. Mimi ndiye ninayelalamika kwa niaba yake.

Nataka kusimulia habari yake na mzee Harrison, kwa sababu ni habari ya shukrani, na pia kwa sababu ndani yake tulikosea, yeye na mimi, kosa ambalo sidhani kama Mmarekani angelikosea.

Januari 1997 tulikuwa tumepanga kijumba Inver Grove Heights, mwisho kabisa wa njia ya changarawe inayoteremka mtoni. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza, nami nina miaka thelathini na tano. Nyumbani walishaacha hata kuniuliza. Theluji ilianguka siku mbili mfululizo, na upepo juu yake. Asubuhi ya tatu nikaamka nimelowa damu. Elihuruma akapiga simu. Wakamjibu kwamba gari la wagonjwa limefika barabara kuu, ila njia yetu haipitiki, wanatafuta greda, tusubiri. Mimi ni nesi. Nilijua kusubiri ni nini kwa mama anayetoka damu namna ile.

Akanilaza kiti cha nyuma cha gari letu la bluu, akashika koleo. Kati yetu na barabara kuu palikuwa na maili nzima ya theluji iliyomfika kiunoni. Alichimba kama mtu aliyefukia mtu wake kwa bahati mbaya. Mara akasimama, akageuza kichwa. Aliniambia baadaye kwamba alisikia katapila kabla ya kuliona, akadhani akili inamtoka, maana ulikuwa mlio wa shambani kwetu kabisa.

Lilikuwa juu kule, kwenye nyumba ya mwanzo wa njia, la rangi ya njano iliyochujuka, lina bamba la kusukumia mbele. Elihuruma akanivua kanga yangu mabegani, akaenda akiipunga. Mwendeshaji, kama Elihuruma mwenyewe, alikuwa amejifunga skafu mpaka puani, yanaonekana macho tu. Alipofika hakuuliza kitu. Alichungulia dirishani, akaniona, akaona damu kwenye kiti, akafunga cheni kwenye gari letu. Akatuvuta hivyo, bamba likisukuma theluji pembeni, nusu saa nzima. Nilihesabu nguzo za umeme ili nisipoteze fahamu. Barabarani wakanipokea, Elihuruma akapanda pamoja nami, milango ikafungwa. Hakuna aliyesema asante. Hata jina la mtu yule hatukulijua.

Careen alizaliwa mchana ule ule. Alikaa kwenye kisanduku cha joto wiki saba. Siku ya tatu baba yake alirudi kuchukua gari, akalikuta limefukuliwa vizuri, funguo ziko juu ya kiti, na hakuna hata kikaratasi. Kijumba kile tulikihama wiki ile ile, tukapanga karibu na hospitali.

Sasa sikilizeni kosa letu la kwanza. Kwao Elihuruma, shukrani kubwa hairushwi kama salamu ya njiani. Inabebwa. Mtu akikuokolea mtoto, unakwenda kwake na mtoto mwenyewe, akishapata nguvu, mmevaa vizuri, mna chakula kilichopikwa nyumbani kwenu, na mna msemaji. Kisha unamsimulia jambo lote tangu mwanzo, ili ayasikie aliyoyafanya. Mama mkwe wangu alikuwa akisema kwamba kumwambia mtu wa namna hiyo asante ukiwa mikono mitupu ni kumtupia mfupa. Kwa hiyo tukasubiri Careen atoke hospitali. Alipotoka tukasubiri anenepe. Mwisho wa Aprili ndipo tulipokwenda, mtoto kwenye shali, sufuria ya chakula mapajani mwangu. Mto ulikuwa umefurika msimu ule. Nyumba ya juu tukaikuta imefungwa, ina kibao cha kuuzwa. Jirani akatuambia mama aliyekaa pale amehamia kwa wanawe jimbo jingine. Mtu wa katapila hamjui, pengine ni ndugu yake aliyekuja kumsafishia njia.

Elihuruma aliuliza vituo vya mafuta, aliuliza makanisani, aliuliza wauza mahindi. Hakupata kitu. Miaka kumi tukamwombea mtu yule katika sala ya jioni kwa jina la "yule baba wa katapila", baada ya bibi na kabla ya askofu. Careen alikua akidhani ni mjomba wake.

Mwishoni mwa Septemba 2007 tulikwenda shamba moja huko Inver Grove Heights kununua mbuzi. Tunarudi, nyama imo kwenye buti, Elihuruma akapunguza mwendo mpaka gari za nyuma zikaanza kupiga honi.

"Mama Careen, ni lenyewe."

"Lenyewe nini?"

"Lile pale kando ya banda. Angalia bamba lake. Kile kiraka kimechomelewa na mtu wa mkono wa kushoto."

Nilimtazama. Yaani siku ile mimi navuja damu, yeye anakagua kiraka! Lakini jicho la mhunzi halisahau. Akaegesha, akaenda peke yake kusalimia. Alikaa dakika ishirini. Aliporudi alikaa kwenye usukani bila kuwasha gari.

"Ni yeye. Anaitwa Harrison. Katapila lilikuwa la baba yake. Nimemuuliza kama ana ndugu aliyekaa njia ya mtoni, akasema dada yake."

Nilishafungua mlango. Akanishika mkono.

"Umemwambia?" nikamuuliza.

"Bado."

"Bado? Elihuruma, miaka kumi!" Mimi nikimwita kwa jina ujue nimekasirika.

"Utamshukuru ukiwa na kandambili, na nyama ya mbuzi ikidondosha damu kwenye buti? Careen yuko wapi? Tulia kwanza nikueleze."

Akanieleza. Mzee alikuwa ameuza shamba, zitajengwa nyumba mpya kama hizi zetu za Woodbury. Jumamosi ya mwisho ya Oktoba anahamia Arizona kwa binti yake, Lois. Katapila halijawaka miaka mingi kwa sababu injini ya kuwashia imekwama, na siku hiyo hiyo ya kuhama litakuja lori la vyuma chakavu kulizoa.

Hapa lazima niwafundishe kidogo, kama nilivyofundishwa mimi pasipo kuomba. Makatapila ya zamani hayawashwi kwa ufunguo. Ubavuni mwa injini kubwa ya dizeli kuna injini nyingine ndogo ya petroli, silinda mbili. Unaiwasha hiyo kwa kamba, ikishika moto unavuta hendeli, nayo inaizungusha ile kubwa mpaka iamke. Ndogo ikifa, kubwa hata ikiwa nzima ni jiwe tu.

"Nitaitoa hiyo ndogo," alisema, "nitaitengeneza, nitairudisha. Siku likiwaka, tunakuja wote na Careen na chakula, tunasema kila kitu. Siwezi kumshukuru mtu mbele ya maiti, Mama Careen. Chombo hiki ndicho kilichotuvuta."

"Na lisipowaka?"

"Litawaka."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Na haraka haraka je?"

Nilifunga mlango, tukaondoka. Lakini sitamtwisha yeye peke yake lawama hii. Wazo lile lilinipendeza. Kabla hatujafika Woodbury nilikuwa nimeshaanza kupanga nitapika nini.

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba alikwenda na sanduku lake la spana. Mzee Harrison alikuwa na miaka sabini na minane, mrefu, mkavu, anatazama mtu kama anayekagua ng'ombe mnadani. Akageuza ndoo, akaikalia, chupa ya kahawa kando.

"Unataka kulinunua?"

"Hapana."

"Sasa unataka nini?"

"Ujanani nilitunza mawili kama hili, kwetu Tanzania. Nataka kulishika mara moja kabla halijaenda."

Ilikuwa kweli, ila nusu. Mzee akakubali, lakini jicho lake halikubanduka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tusemavyo; huyu mgeni alikuja na jembe lake tangu siku ya kwanza, tena hataki malipo, na jambo hilo humtia Mmarekani wasiwasi kuliko wizi.

Elihuruma akaanza kwa kumwaga maji, maana injini zile mbili hunywa maji mamoja. Akatoa tangi la petroli, ekzosi, waya za plagi, kabureta, fimbo za klachi. Kila bolti aliyoifungua aliilaza juu ya shuka langu la zamani mahali pake: ya juu kushoto ikakaa juu kushoto, ya chini ikakaa chini, na nati yake kando. Karakana ya shambani haikuwa na kitabu wala picha, hivyo ndivyo walivyofundishwa kukumbuka. Mzee alikaa akilitazama shuka lile likijaa, na polepole akaacha kumtazama mtu akawa anaitazama kazi.

Zikafunguka zote ila moja. Kuna bolti imejificha nyuma ya injini ndogo, huioni, unaijua kwa ncha za vidole, na spana iliyonyooka haiingii. Elihuruma alijilaza ubavu karibu saa nzima. Hatimaye mzee akainuka kwenye ndoo, akaingia bandani, akatoka na spana iliyopindwa shingo kwa moto.

"Baba yangu aliipinda kwa ajili ya bolti hiyo hiyo."

Elihuruma aliigeuza mkononi, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Na sisi tulipinda ya kwetu hivi hivi kabisa. Mzee Jotham, mwalimu wangu, ndiye aliyeipinda." Watu wawili wasiojuana, mmoja Minnesota na mmoja kwenye mkonge, wamepinda chuma kwa pembe ile ile. Tangu hapo ile ndoo haikukaliwa sana.

Mchana akaja Muriuki, rafiki yetu Mkenya anayekaa Blaine, na pikapu yake na winchi ya kuazima. Alilizunguka katapila mara mbili.

"Buda, nime-drive dakika arobaini kwa sababu ya hii? Hii si ni ya museum?"

"Vuta cheni, ndugu yangu," Elihuruma akamwambia. "Museum tutakwenda kesho."

Injini ndogo ikajitenga, ikaning'inia hewani ikidondosha maji ya kutu, nzito kama watu wawili wazima. Wakaileta kwangu.

Wiki zile mbili nyumba yangu, ambayo mkopo wake utaisha nikiwa nimezeeka, ilinuka mafuta ya taa kutoka gereji mpaka chumbani. Pistoni zote mbili zilikuwa zimegandia kwenye silinda kwa kutu. Akazimiminia mafuta, akaziacha ziloweke, na kila jioni akitoka kazini anakaa na kipande cha mti na nyundo, anagonga taratibu, anasikiliza, anagonga tena. Jumapili moja nikarudi kutoka shift nikakuta kabureta inachemka jikoni kwenye sufuria yangu ya ugali. Maneno niliyosema siku hiyo siyaandiki. Alisubiri nimalize, akasema, "Nitakununulia nyingine." Nikamwambia sitaki nyingine, nataka ile isiyochemshiwa kabureta. Careen akasema kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba sisi ni vichekesho, akaenda chumbani.

Alhamisi ya wiki ya pili pistoni ikasogea. Kidogo tu, kama jino la mtoto linaloanza kutikisika. Mume wangu asiyepaza sauti alipiga kelele nikadhani amejikata. Nilikwenda mbio, nikamkuta amepiga magoti kwenye sakafu ya gereji, kidole kiko ndani ya silinda, anasema, "Asante Bwana, asante Bwana." Nami nikapiga magoti palepale, na gauni langu la kazini. Ndipo nilipompenda upya, msinicheke.

Jumamosi ya tatu Muriuki akaja tena na winchi, wakairudisha ubavuni. Bolti zikaondoka shukani moja moja mpaka shuka likawa tupu. Cheche ya magneto, kile kifaa kinachozipa plagi umeme, ilikuwa dhaifu, ikabidi aondoke nayo aje kuitengeneza nyumbani. Wakiwa wanafunga bolti za mwisho, mzee Harrison akaweka kiganja juu ya boneti, akasema kama anayejisemea, "Kazi ya mwisho liliyofanya hili, sijui hata kama ilisaidia."

Elihuruma aliinua kichwa. Neno lilimfika mdomoni. Lakini injini ilikuwa haijawaka, Careen hayupo, yeye mwenyewe ana grisi mpaka kwenye nyusi, na imebaki wiki moja tu. Akafikiri: Jumamosi ijayo itakuwa tamu zaidi. Akalimeza. Mimi hakunisimulia hadi baadaye sana. Angelinisimulia jioni ile ningelikwenda kwa mzee yule na nguo za kulalia.

Jumamosi ya mwisho tukaenda wote. Nilikuwa nimepika pilau, nimechoma mbuzi, nimetengeneza kachumbari, na nimemshoneshea mzee shati la kitenge kwa kukadiria kwa macho ya mume wangu. Careen amevaa gauni la kanisani chini ya koti. Suti ya Elihuruma iko kwenye mfuko. Msemaji wetu alikuwa Muriuki, na tai shingoni.

"Mimi nimezoea mambo ya ruracio, kupeleka mahari," alininong'oneza, "hii ingine mta-ni-guide."

"Anza kwa kusema tumetoka mbali. Mengine yatakuja yenyewe."

Ndani ya nyumba Lois alikuwa akifunga masanduku. Lori la vyuma lingekuja saa nane.

Elihuruma akazungusha kamba kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la injini ndogo, akavuta. Kimya. Akavuta tena, ikakohoa. Mara ya tatu kimya tena, nami nilikuwa nimemshika Careen mkono hadi akanilalamikia. Mara ya nne ikashika, ikapiga kelele kali ya haraka haraka, moshi wa buluu ukatuingia puani. Akaiacha ipate moto. Halafu badala ya kuvuta hendeli mwenyewe akasogea pembeni. "Ni lako," akamwambia mzee.

Mzee Harrison akavuta. Kelele ya ndogo ikazama, ikalemewa, kubwa ikaanza kujigeuza kama mtu anayeamshwa asubuhi asiyotaka kuamka. Moshi mweupe, moshi mweusi, kisha mngurumo mzito uliotikisa ardhi chini ya viatu vyangu vya ibada. Niliujua. Mwili wangu uliujua kabla yangu. Nilianza kulia.

Elihuruma alikwenda nyuma ya banda, akarudi amevaa suti, shingoni bado ana grisi. Mzee akatazama suti, akatazama tai ya Muriuki, akatazama masufuria yaliyopangwa juu ya meza ya bandani.

"Mzee Harrison," Muriuki akaanza, amekunja mikono kifuani, "sisi tumetoka mbali..."

"Mnataka kunihubiria?" mzee akauliza.

Nilishindwa. Utaratibu wote ukaanguka hapo. Nikamsukuma Careen mbele kwa mabega, nikasema, "Januari tisini na saba. Njia ya mtoni kwa dada yako. Ulituvuta kwa cheni. Huyu ndiye aliyekuwa tumboni."

Mzee alinitazama, na katapila linanguruma nyuma yake.

"Gari la bluu," akasema.

"Ndiyo."

"Mama alikuwa amelala kiti cha nyuma."

"Ni mimi."

Akamtazama Careen. Akatafuta ile ndoo kwa mkono bila kuangalia, akakaa.

"Nilidhani nimechelewa," akasema. "Nilikwenda kwenye kijumba chenu, nikakuta mmehama. Nilipiga simu hospitali tatu. Kwa kuwa si ndugu, hawakuniambia kitu. Nikasoma matangazo ya vifo gazetini kila siku mpaka Machi. Nilikuwa nimekiona kile kiti." Akatikisa kichwa kuelekea kwenye katapila. "Nikalileta hapa, nikalizima. Kila nilipotaka kuliwasha namwona yule mama. Basi nikaliacha na mvua."

Nilimwona mume wangu akigeuka kuitazama ile injini ndogo. Alielewa kabla yangu. Kutu ile aliyoipigapiga kwa kipande cha mti wiki mbili, tuliiweka sisi. Siku zile tulizokuwa tukisubiri mtoto anenepe ili shukrani ipendeze, mtu huyu alikuwa akitafuta jina asilolijua miongoni mwa wafu. Na Jumamosi iliyopita tu alikuwa amesimama palepale, anauliza, na jibu liko mdomoni mwa Elihuruma, limemezwa ili liwe tamu. Tulidhani tunamdai Mungu nafasi ya kusema asante. Mzee hakuhitaji asante yetu. Alihitaji kuambiwa kwamba tumepona wote, maneno mawili, ambayo kandambili zingetosha kuyapeleka.

Elihuruma alikuwa na hotuba ya kurasa mbili mfukoni. Hakuitoa. Akachuchumaa mbele ya ile ndoo na suti yake mpya, akasema, "Nisamehe, mzee wangu. Nisamehe sana."

Mzee hata hakumsikia vizuri, nadhani. Alikuwa anamtazama mtoto. Akamwomba akae karibu, na Careen, asiyekaa karibu na mtu yeyote siku hizi, akaburuta kreti akakaa. Ndipo mzee akaanza kuuliza. Tulifika hospitali saa ngapi? Alilia alipozaliwa, au alinyamaza? Alikuwa na uzito gani? Kilo moja na gramu mia tatu, Careen akajibu. Alilijua jibu, kumbe siku zote amekuwa akitusikiliza. Mzee akamwomba alirudie, akalirudia. Alianza kutembea lini? Anapenda somo gani? Macho yake ni mazima? Lois akatoka ndani, akasimama nyuma ya baba yake, mkono begani, bila kuuliza sisi ni akina nani. Lori la vyuma lilikuja saa nane, dereva akapewa sahani ya pilau, akaondoka bila katapila. Leo liko kwa mpwa wa mzee, na Elihuruma huenda kuliwasha kila majira ya kuchipua.

Alituuliza mpaka nyama ikapoa. Tulimjibu kila kitu, kwa kupokezana, hata mambo ambayo hatujapata kuyasema sisi kwa sisi: kwamba nilihesabu nguzo, kwamba Elihuruma alijifungia chooni hospitalini akalia. Hakuacha swali hata moja. Alipokuwa hana jingine alivua kofia, akaiweka gotini, akatutazama mmoja mmoja, mimi, mume wangu, na mtoto.

"Asante," akasema.

Sisi ndio tuliokwenda na masufuria na msemaji na suti. Yeye ndiye aliyesema kwanza.